Injinia Anaitengeneza Kompyuta ya Nyumbani

Shemeji yangu, mume wa dada, anauza vipuri vya magari, lakini nyumbani kwake anataka aitwe Injinia. Cheo hicho kajipa mwenyewe siku alipofuta kila kitu kwenye kompyuta ya familia akaweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Tangu hapo hatupumui. Mgeni hajakaa sawa kwenye kiti, keshaanza kuhubiriwa.

Jumamosi moja nilipita kumsalimia dada, nikakuta nyumba imepoa. Binti yao anasomea uchoraji wa ramani za majengo, na siku hiyo alitakiwa atume chuoni mchoro wa zahanati, kazi yake ya mwisho, kabla ya saa sita mchana. Asipotuma, anarudia mwaka. Na programu ya kuchorea haifunguki. Unabonyeza alama yake, kiduara kinazunguka weee, kisha kinapotea. Kimya.

"Alama tu hiyo, imeharibika," Injinia akasema, miwani kaipandisha kichwani. Akaitoa, akairudisha. Akaibadilisha picha, eti ya zamani haipendezi. Akazima, akawasha. Kila mara onyo lilijitokeza kwenye kona ya kioo, naye analifunga chap, kama anafukuza nzi.

"Shemeji, si usome kwanza?"

"Kelele tu hizo, shem. Mwezi mzima zinakuja."

Mwezi mzima! Nikamsukuma pembeni, nikasoma mwenyewe: diski imejaa, programu haina pa kuweka hata mguu. Na imejaa nini? Linux! Kapakua kila aina aliyoisikia, na bado anaendelea kupakua.

"Futa hizo."

"Wee! Zitahitajika hizo. Niachie, kuna uchafu mwingine humu, nitaupata."

Nikaenda zangu jikoni kwa dada, maana ningebaki ningemrushia kitu. Binti alikuwa uani na simu, anambembeleza mwalimu amwongezee muda. Mwalimu kagoma.

Mara tukasikia, "Njooni! Njooni muone kazi ya injinia!"

Tukakimbia wote. Akabonyeza mara moja tu, programu ikafunguka bila kusita. Jamani, nilifurahi, hata nikampigia makofi. Binti akakaa, akatafuta mchoro wake. Akatafuta tena.

"Baba, folda yangu iko wapi?"

"Ile nzito? Nimeifuta, mwanangu, ilikuwa inakula nafasi. Na pipa la taka la kompyuta nimelimwaga kabisa."

"Kazi yangu ilikuwa humo." Akavuta droo ya meza. "Flash yangu ya akiba je?"

"Si ndiyo niliyoifuta juzi nikaiwekea Linux?"

Dada akakaa chini palepale sakafuni. Binti akaanza kulia, kilio kile cha mtoto mdogo, na mimi hasira zikanipanda. Injinia akatutazama mmoja mmoja, akaifunga programu, akaibonyeza tena.

"Lakini si inafunguka?" akasema. "Oneni wenyewe. Inafunguka."