Chupa za Chini ya Friji

Kisiwani walimwita Mama Barafu, na kwa kutilia shaka hakuna aliyemfikia. Hata samaki aliyekuwa bado anapiga mkia, yeye alimnusa kwanza. Aliishi kwa kuuza barafu kutoka kwenye friza kuukuu lililopata umeme wa jenereta jioni tu. Mchana kutwa, mtoto aliyegusa mfuniko alikoma.

Zahanati ilipoletewa friji la sola la chanjo, alichungulia dirishani. Juu aliona vichupa vya dawa, chini chupa za maji zimepangwa safu. Akapiga hesabu zake. Ama muuguzi ameanza kuuza maji baridi ili amwagie mtu unga wake, ama, baya zaidi, dawa inaongezwa maji. Kufika jioni, nusu ya kisiwa walishaambiwa.

Surua ilipoingia kisiwa cha pili, mkwewe alimbeba mtoto akachanjwe. Mama Barafu akaziba mlango: mjukuu wake hachomwi maji. Mkwe akamkumbusha taratibu kuwa huko ng'ambo mtoto ameshazikwa, na hospitali ni safari ya boti, boti yenyewe ikipatikana. Wakakubaliana waende wote, bibi akajionee.

Muuguzi alimwamkia, akamwekea kiti. Hakukaa. Alitaka chupa moja. Akanywa funda, akatema. Maji yamelala, yananuka plastiki.

“Haya unamuuzia nani?”

“Simuuzii mtu, mama. Wingu likitanda, sola haifui dafu. Hayo ndiyo yanayoshika baridi. Nikiyatoa, chanjo inaharibika.”

Mama Barafu akaitazama ile chupa. Kwenye friza lake kulikuwa na barafu ya chini kabisa ambayo hakuwahi kuiuza, hata mteja abembeleze vipi. Ndiyo iliyolivusha friza mpaka jenereta iwashwe. Siri hiyo hakumwambia hata marehemu mumewe.

Akairudisha chupa kwenye safu yake.

“Funga mlango, mwanangu. Baridi inatoka.”

Lakini muuguzi alipotaka kuchanganya unga wa chanjo na maji ya kichupa kingine, bibi alimshika mkono. Na hayo je? Akaonyeshwa kichupa hicho cha pili, kizibo chake hakijaguswa: maji ya kuchanganyia, yaliyoletwa pamoja na chanjo. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakinusa. Ndipo akampakata mjukuu, akamkunjia mkono wa shati.

Njiani mkwe aliuliza, na wale waliokwisha kuambiwa?

“Nitapita nyumba kwa nyumba, wakachanjwe,” alisema Mama Barafu. “Ila pale dirishani nitazidi kuchungulia.”