Nanasi la Juu ya Ukurasa

Jumanne, 11 Juni 2024. Manyunyu asubuhi, mchana mawingu matupu.

Jirani yangu wa duka la steshenari hapa Zinga hutengeneza tovuti, ingawa hajui lugha yoyote ya kompyuta. Zamani alichora kurasa kwa programu ya kwenye sidii. Siku hizi huchukua ukurasa uliokwisha kutengenezwa mtandaoni, akasogeza picha huku na maandishi kule. Kila anapohamisha kitu hufuta kiganja kwenye suruali, hufumba jicho moja kama mshonaji anayekagua pindo, na kunong'ona, "Kaa hapo, mama."

Leo Bi Shufaa, mkulima wa Kiwangwa, alikuja kuiona tovuti ya kikundi chao, maana mnunuzi wa Dar ataifungua keshokutwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hilo nanasi umelitoa wapi?"

"Limekuja na ukurasa."

"Basi lirudi kwao. Majani yana miiba kama msumeno! Letu halina miiba. Mnunuzi akifika shambani atasema tumemtapeli."

Jirani alicheka. Aliikuza picha ikajaa kioo, akaitazama, akaifuta.

"Nimekula mananasi yenu tangu utotoni, shangazi, wala sijawahi kuona yanavyoota."

"Njoo uone. Ila si na makobazi hayo, shambani kuna tope."

Jumatano, 12 Juni. Asubuhi jirani hakufungua duka, alikwenda Kiwangwa. Kabla ya adhuhuri juu ya ukurasa alikuwapo Bi Shufaa, amekumbatia nanasi, majani yake ameyalaza shavuni.