Fundi Niliyemsema kwa Kiswahili

Nilipohama Nakuru kuja Birmingham, niliuza pikipiki yangu kuukuu ya Kimarekani, niliyoifufua kwa mikono yangu kwa miaka mitatu. Tangu hapo, nikiona inayofanana nayo, akili hunitoka.

Jumamosi iliyopita niliona moja imeegeshwa mbele ya duka la mboga, mtaa wa Kings Heath. Nikachuchumaa, nikapapasa tangi, nikafungua simu yangu ya kukunja na kumpigia mke wangu. Pembeni alisimama mama mmoja wa Kihindi na mfuko wa bamia. Sikumjali, maana nilikuwa naongea Kiswahili.

"Mashine ni safi," nilimwambia mke wangu kwa sauti, "lakini fundi wake ni bure kabisa! Kabureta imekaa upande. Huyo apewe baiskeli!"

Mke wangu akacheka, nami nikazidisha. Nikasema mwenye pikipiki lazima ni mzee wa Kizungu mwenye kitambi, asiyejua hata kushika spana.

Yule mama akatundika mfuko wake kwenye usukani, akavaa helmeti.

"Mimi nimezaliwa Kisumu, bwana," akasema. "Marehemu mume wangu aliiacha hii vipande vipande kwenye maboksi. Nimeiunga mwenyewe, kwa kusoma kitabu. Hiyo kabureta hata mimi inanisumbua."

Simu ilinidondoka. Nilitafuta maneno ya kuomba radhi, likanitoka moja tu: "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, akafungua kisanduku cha nyuma na kunikabidhi spana. "Haya, fundi. Nionyeshe."