Mashua ya Kwanza ni ya Mama

Kwenye bustani ile ya burudani walimwita Gundi, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kuwa safi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vielelezo: kila mchezo uliopangwa kujengwa aliuunda kwanza kwa mbao nyembamba na kadibodi, wakubwa wauzunguke mezani wakikunja nyuso kama wanunuzi wa ng'ombe. Ukikataliwa, ulivunjwa siku hiyohiyo, vipande vikaingia katika kielelezo kinachofuata. Ndiyo maana mafundi wa vielelezo wana mwiko wao: mchezo hautajwi nyumbani kabla msingi haujachimbwa.

Gundi aliuvunja mwiko kwa ajili ya mama yake. Mama alifagia bustani ile mpaka magoti yakamgomea, wala hakupanda hata bembea moja, maana mfagiaji akionekana amekaa alifukuzwa. Sasa alikuwa wa kitandani, moyo umechoka. Mwanawe alipobuni mchezo wa mto wa taa, mashua zikipita polepole pangoni chini ya vitaa vingi, alishindwa kujizuia.

"Mama, mashua ya kwanza ni yako."

Wakubwa wakaukataa. Nani atalipa ili akae kimya, waliuliza, watu wasiojua hata uchovu ni nini. Mahali ulipopangiwa kujengwa pakawa maegesho ya magari. Gundi alivibandua vitaa kwa mkono wake mwenyewe, na roho ilimuuma.

Nyumbani mama akauliza, "Wamefika wapi?"

"Wanachimba," akajibu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Gundi ilikwenda miezi. Mara maji yameingia, mara vitaa vimewashwa. Mama akasikiliza, akacheka, akataka kujua rangi ya mashua.

Jioni moja akamshika mkono. "Mwanangu, wafagiaji wenzangu huja kunijulia hali. Siku hizi wanafagia maegesho pale."

Gundi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeacha kukaa. Zamani ulikuwa unanisalimia mlangoni, huyoo, unakwenda zako. Tangu mto uanze, unakaa." Akajisogeza ukutani, akamwachia nafasi kitandani. "Haya, panda. Vitaa vya leo vikoje?"

Gundi akapanda. Akafungua mdomo aanze kusimulia, kilio kikamtangulia.