Mto Mubuku Umenitoa Roho Leo

Jamani, leo mto ninaouchora miaka yote umetaka kunimeza.

Nilikuwa Bugoye, chini ya mlima, nimekaa juu ya jiwe ndani ya Mubuku, nachora. Jua kali, hakuna wingu. Ukingoni Mama Biira alikuwa anafua nguo za watoto wake.

Ghafla maji yakawa ya matope.

Mimi mjinga nikafurahi! Nikaanza kuchanganya rangi ya udongo.

"Wewe! Toka hapo! Mvua iko nanyesha kule mlimani!" Mama Biira akapiga kelele.

"Nimalizie kidogo tu, Mama."

Kisha nikasikia mawe yakigongana chini ya maji. Miguu ikakataa kusogea kabisa.

Mama Biira akaacha beseni, akaingia majini, akanivuta kwa shati hadi ukingoni juu.

Tulipogeuka, jiwe halionekani. Picha imekwenda na maji. Beseni na nguo zote pia.

"Mama, nguo za watoto..."

"Nyamaza kwanza, mutoto yangu." Bado alikuwa ameshika shati langu.

Sasa niko nyumbani Kasese. Pikipiki ikipita, nadhani ni maji.

Mto huu ndio ulionifanya mchoraji, na leo siwezi hata kuufikiria.

Wachoraji wenzangu, mmewahi kuogopa kitu mnachokipenda hivi?