Nozeli za Lori la Geita

Siku yangu ya kwanza karakana, pale Shinyanga, nilipewa beseni la dizeli na brashi, nikaambiwa nioshe nozeli. Nilikuwa nimeishia darasa la nne na sikujua nozeli ni kitu gani. Fundi Mkuu, mzee wa Kisukuma asiyependa kurudia maneno, aliniinulia moja. "Hii inapulizia dizeli ndani ya silinda. Ikipuliza ukungu, gari linakwenda. Ikikojoa, gari linakufa. Osha."

Kazi hiyo nikaishika hadi kustaafu, Shinyanga, kisha Kahama, kisha Shinyanga tena. Vijana wakiniuliza namna ya kuchagua nozeli huwapa kisa kimoja, ingawa sina hakika kama kinanisifu au kinanisuta.

Miaka ya sabini tulikuwa na lori la kupeleka mabomba ya visima Geita. Dereva wake, Baba Masanja, mke na watoto wake walikuwa kulekule, kwa hiyo kila safari alilala kwake. Lori likaanza kuchoka milimani. Ofisi ikasema lisipopanda sawasawa na mzigo kamili, safari ya Geita atapewa dereva mwenye lori jipya.

Tukalifungua. Silinda zikatanuliwa, zikaingia pistoni kubwa. Injini ya namna hiyo inavuta hewa zaidi, hivyo inataka na dizeli zaidi.

Spea zilikuwa adimu. Tulikuwa na seti mbili tu za nozeli: zile za zamani zenye matundu madogo, na nyingine za matundu makubwa, zilizotolewa kwenye lori lililopinduka. Hizo kubwa nati zake hazikuingiliana na paipu zetu, ikabidi nikereze fitingi nyingine. Washa za shaba, zile pete za kuzibia, nikazipasha moto zilainike, zizibe vizuri. Kisha nikazijaribu kwenye pampu ya mkono, moja moja, vidole mbali, maana dizeli ya presha inatoboa ngozi. Tatu zilipuliza ukungu mzuri ajabu. Ya nne ilipuliza, kisha ikabaki na tone mdomoni. Nikaisugua kwa dawa ya kusagia. Tone likapungua, halikuisha. Tone kama hilo huwaka juu ya pistoni, na pistoni huweza kutoboka.

Baba Masanja akaingia. "Mwangaluka, fundi. Zimekubali zile za wanaume?"

"Moja inadondosha."

"Hata Fundi Mkuu anadondosha ugoro, na mshahara anapokea."

Fundi Mkuu, aliyekuwa palepale, hakukasirika. Alisema, "Zifunge. Tone dogo hilo." Hakuwa mzembe, alikuwa ameona nozeli mbaya kuliko hiyo zikitembea. Mkuu wa Karakana, bosi wetu sote, alipoulizwa akasema, "Aliyezijaribu ndiye aamue." Nilitamani aamue yeye.

Baba Masanja akanisogelea, sauti imeshuka. "Ng'wanawane, mwanangu, likiniharibikia porini nitalala chini yake. Lakini wakiichukua safari, kwangu nitafika lini?"

Nikafunga zile ndogo, nne zinazolingana.

Lori lilipanda kuliko mwanzo, lakini si kama ofisi ilivyotaka. Wenzake walimpita mlimani wakimpigia honi. Safari ya Geita akapewa mwingine, yeye akabaki na Samuye na vijiji vya karibu. Watoto wake akawa anawaona likizo.

Injini ile haikusumbua mpaka lori lilipouzwa. Zamani nilikuwa naitaja kama ushahidi wangu. Sasa naona si ushahidi, kwa sababu zile kubwa hazikufungwa. Pengine tone lisingetoboa kitu. Pengine lingetoboa wiki ileile. Vijana nawaambia nozeli zilingane, na leo ningefunga zilezile ndogo, ila siwezi kuwaambia kwamba nilithibitisha jambo.

Baba Masanja naye amestaafu. Akitoka hospitali ya Kolandoto kupima presha hupita kwangu, tunakunywa chai. Juzi aliweka kikombe chini, akasema bila hasira, "Bado nasema ungeniwekea zile kubwa."

"Pengine, Baba Masanja."

"Si pengine."

Nikamwongezea chai. Mimi kila nilikohamishwa, nilihama na wanangu.