Mapacha wa Baba Hadija

Usiku ule nililala na swali la mjukuu wangu Zubeda kichwani. Zubeda anatafsiri picha za kizungu kwenye banda la video la Bwana Mashaka, hapa Kilosa, kazi aliyoifanya babu yake, marehemu mume wangu, mpaka alipofariki. Wa kwenye picha wanasema kizungu, yeye na maiki yake anawaambia watu kwa Kiswahili. Wiki iliyopita walimzomea. Bwana Mashaka akamwambia, "Wakikuzomea tena Jumamosi, maiki nampa mwingine."

Na picha ya Jumamosi yenyewe mbovu. Chombo kiko juu kabisa angani, kusiko na hewa, kioo kinapasuka, waliomo wanaendelea kupiga soga kama wako barazani. "Bibi," kaniuliza Zubeda, "hewa wanaitoa wapi hawa? Babu angesemaje?" Ijumaa hiyo nikalala.

Nikajiona nimo bandani, lile la zamani la mabati. Nina ungo wa mchele mapajani, nachambua. Mbele yangu kakaa Bi Tatu muuza mihogo, pembeni fundi Kassim wa baiskeli, Mwalimu Pius, Mama Chausiku. Wote walishakufa, na mimi najua, wala siogopi. Mume wangu anatokea nyuma ya pazia, maiki mkononi.

Picha ni ileile ya Zubeda. Kioo kinapasuka. Bi Tatu anapaza sauti:

"Weye mtafsiri! Hao wanavuta nini, moshi wa mihogo yangu?"

Banda zima linacheka. Naacha kuchambua, maana namjua mume wangu, Baba Hadija. Alipokuwa hai, picha ikikosea yeye anaziba. Aliyekufa akionekana tena, anasema huyo pacha wake. Pacha naye akifa, anasema walizaliwa watatu. Siku moja alifika wa tano, fundi Kassim akasimama kumpa pole mama yao.

Mara si bandani tena, ni jikoni kwangu, watu walewale, picha inacheza kwenye ukuta wenye masizi. Baba Hadija anashusha pumzi.

"Jamani, hapa waliotengeneza wamekosea. Hewa hakuna, nami nimeona. Chekeni, mkimaliza tuendelee."

Wakacheka. Wakamaliza. Bi Tatu akasogeza kigoda mbele, anataka kujua nahodha wa chombo atafika kwao au hafiki.

Ndipo mume wangu akaniinamia.

"Mama Hadija, wale mapacha walinichosha. Mwambie mtoto kosa awahi kulisema yeye, kabla yao."

Nilitaka kumuuliza kama amekula. Nikanyoosha mkono, nikashika chandarua.

Kumeshakucha. Zubeda yuko uani anapiga mswaki. Nikamweleza yote, jina kwa jina. Akatema povu, akacheka.

"Bibi, nikisema picha imekosea si watanizomea mimi?"

"Watamzomea aliyeitengeneza. Wewe utakuwa umekaa upande wao."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi mbili alizoziandika juzi, zimejaa habari za mashine ya kutengeneza hewa na daktari aliyeivumbua na ndugu wa huyo daktari. Akazisoma mara moja, midomo ikichezacheza. Kisha akachutama, akazisokomeza katikati ya mafiga, akawasha moto wa chai.